Mzee wa pangoni, kunguru na mkate: huyu si Antoni wa mama yako

Swali la msomaji: "Shikamoo mwalimu. Kwetu ni Tanga, ila kwa sasa naishi Brussels. Mwezi uliopita nilipita kwenye soko la mitumba la Marolles nikanunua kwa euro 45 picha ya zamani, nyeusi na nyeupe, ikiwa ndani ya fremu. Kuna mzee wa ndevu ndefu amekaa mbele ya pango, amevaa kitu kama mkeka, na ndege mweusi anamletea mkate. Chini kuna maneno ya Kilatini. Pembeni nasoma 'M. de Vos' na 'Sadeler', mengine yamekatwa. Muuzaji aliniambia ni Mtakatifu Antoni. Mama yangu ana ibada kubwa kwa Mtakatifu Antoni, kwa hiyo nataka kumpelekea aitundike sebuleni. Je, ni ya kweli au ni nakala? Ni Antoni kweli? Na haya madoa ya kahawia niyasafishe kwa nini?"

Marahaba, mwanangu. Nianze na la mwisho kwa sababu ndilo la haraka: usiyasafishe kwa chochote. Si kwa maji, si kwa limau, wala si kwa ile dawa ya kung'arisha nguo ambayo kuna mtu mtandaoni atakushauri uitumie. Iache ilivyo, tutayafikia madoa hayo huko chini.

Na huyo mzee si Antoni. Hapa itabidi unisikilize kwa utulivu, maana wamechanganywa watu watatu, na wa kwanza wao ni wa mama yako.

Wakatoliki wengi wa kwetu wakisema "Mtakatifu Antoni" wanamkusudia Antoni wa Padua: kijana mwenye kanzu ya Wafransisko, amembeba Mtoto Yesu, mkononi ana ua la yungiyungi. Huyo alizaliwa Lisbon, akafa mwaka 1231, sikukuu yake ni tarehe 13 Juni, na ndiye anayeombwa mtu akipoteza funguo au cheti cha shule. Muuzaji wako alikuwa na Antoni mwingine kichwani, Antoni Abati, Mmisri wa karne ya 3 na ya 4, aliyekufa mwaka 356 akiwa na umri wa miaka 105 kwa hesabu ya Atanasi aliyeandika maisha yake. Sikukuu yake ni 17 Januari. Kati ya Antoni hawa wawili kuna karibu miaka mia tisa na bahari nzima ya Mediterania. Lakini hata huyo wa Misri siye aliyekaa mbele ya pango lako. Wako ni rafiki yake, aliyekutana naye mara moja tu maishani: Paulo wa Thebe, anayeitwa mkaapweke wa kwanza.

Nimemjua kwa vazi lake na kwa ndege wake. Chapa za namna hii, yaani picha zilizochapwa kwenye karatasi kwa bamba la shaba lililochongwa, hazimtambulishi mtakatifu kwa sura, kwani nani aliyemwona? Wachoraji walimpa kila mmoja vitu vyake, na watu wa zamani walivisoma vitu hivyo kama sisi tunavyosoma jezi za mpira. Paulo amevaa vazi la majani ya mtende yaliyosukwa, ndiyo huo "mkeka" unaousema, na kunguru ana mkate mdomoni. Angekuwa Antoni ungeona fimbo yenye umbo la herufi T, kengele, na mara nyingi nguruwe miguuni. Nguruwe huyo hakutoka Misri. Alitoka Ulaya, kwa ndugu wa shirika la hospitali lililochukua jina la Antoni, ambao waliwauguza watu wenye ugonjwa uliounguza viungo kama moto, ugonjwa wa kula nafaka iliyooza kwa kuvu. Walifuga nguruwe waliovishwa kengele shingoni, na mafuta yao yakatumika kama dawa. Basi mchoraji wa Ulaya akamrudisha nguruwe nyuma miaka mia kadhaa akamweka jangwani kwa Wamisri.

Kisa cha mkate kimeandikwa na Mtakatifu Yeronimo, yule mtafsiri wa Biblia kwa Kilatini, miaka ya 370, naye Yeronimo alikuwa msimulizi hodari. Paulo alikimbia mateso ambayo Kaisari Decius wa Roma aliwatesa Wakristo kiasi cha mwaka 250, akapata pango lenye mtende na chemchemi, akakaa humo mpaka uzee. Antoni, akiwa na miaka 90, alidhani hakuna mtu aliyetangulia kuishi peke yake nyikani kabla yake. Usiku akaambiwa ndotoni kwamba yupo aliye bora kuliko yeye, aende akamtafute. Njiani akakutana na kiumbe nusu mtu nusu farasi, halafu na kijitu chenye pembe na miguu ya mbuzi kilichompa tende. Akafika. Paulo alikuwa na miaka 113. Wakiwa katika mazungumzo kunguru akatua akaweka mkate mzima mbele yao, na Paulo akaeleza kwamba kwa miaka 60 amekuwa akiletewa nusu mkate kila siku, leo kwa ajili ya mgeni umeongezwa mara mbili. Mgeni njoo mwenyeji apone, ndivyo sisi tungesema.

Kisha, na hapa ndipo ninapompenda Yeronimo, wazee wawili watakatifu wakabishana karibu mpaka jioni nani aumege mkate. Paulo anasema wewe ndiye mgeni, Antoni anasema wewe ndiye mkubwa. Mwishowe wakakubaliana kila mmoja ashike upande wake avute. Mtu aliyewahi kuona wazee wawili wa kwetu wakikatazana kutangulia mlangoni ataamini sehemu hii hata kama wanahistoria wengi wana shaka kama Paulo aliwahi kuishi. Baadaye Paulo alimtuma Antoni akamletee joho la kumzikia. Aliporudi akamkuta amefariki, amepiga magoti. Simba wawili wakaja wakachimba kaburi kwa kucha. Antoni akabeba lile vazi la mtende, akawa analivaa Pasaka na Pentekoste.

Kwa hiyo itazame tena chapa yako kwa kioo cha kukuzia, hasa nyuma ya mzee, kwenye vilima na miti midogo. Wachoraji wa wakati ule walipenda kuficha sehemu nyingine za kisa huko mbali: mtu mdogo mwenye fimbo anakuja, au simba wanachimba. Ukimwona huyo mwenye fimbo, huyo ndiye Antoni. Muuzaji hatakuwa amekosa kabisa.

Labda umejiuliza, kama ni Misri, mbona kuna msitu? Mbona kuna miti minene yenye mizizi, kijito, kibanda cha magogo, labda na paa anakunywa maji? Watu wengi hucheka hapo, wanasema wachoraji wa Antwerpen, mji wa Flanders (Ubelgiji ya leo) ulikotoka mchoro wako, hawakuwahi kuona jangwa. Ni kweli hawakuliona. Lakini Kiswahili kinatusaidia kuwaelewa kuliko wanavyoeleweka na wenye lugha nyingine. Biblia zetu hazikusema Yohane alilia "jangwani" tu. Union Version inasema "sauti ya mtu aliaye nyikani". Nyika si lazima iwe mchanga. Ni mahali pasipo na watu, penye vichaka na wanyama, ambapo mtu wa mjini hatembei usiku. Neno la Kilatini la wakaapweke, "eremus", lina maana hiyohiyo ya mahali patupu, na kwa mtu wa Flanders mahali patupu pa kutisha palikuwa msituni. Kwa hiyo hawakukosea ramani. Walitafsiri.

Kuhusu maneno ya chini. Hapo ndipo hasara kubwa ya karatasi yako ilipo, kwa sababu mtu fulani zamani aliikata ili iingie kwenye fremu. Chapa ya karne ya 16 kwa kawaida ina majina mawili au matatu, kila moja na kitenzi chake cha Kilatini kilichofupishwa. "Invenit", "inventor" au "figuravit" ni mtu aliyebuni mchoro kwenye karatasi kwa kalamu na wino. "Sculpsit" ni aliyechonga shaba, na pengine "fecit" huwa na maana hiyo. "Excudit" ni mchapishaji, mwenye bamba na mwenye biashara. Ukiona "cum privilegio", hicho ni kibali cha mtawala kinachokataza wengine wasinakili, nao walinakili vilevile. Bamba lilipouzwa, mwenye mali mpya alisugua jina la "excudit" akachonga lake, na kwa njia hiyo sisi huweza kujua kama karatasi ilichapwa bamba likiwa jipya au limeshapita mikono mingi. Kwako jina hilo limekwenda na mkasi.

Lakini majina yaliyobaki yanatosha kukupeleka nyumbani kwake. "M. de Vos" ni Maarten de Vos, mchoraji wa Antwerpen, 1532 hadi 1603, mtu aliyetoa michoro ya kuchongwa kwa wingi wa ajabu. "Sadeler" ni ukoo mzima. Johannes, mkubwa wao, alizaliwa mwaka 1550 katika mji huohuo unaoishi wewe, Brussels. Mdogo wake ni Raphael. Walitoka katika familia ya mafundi wa kupamba chuma, na mkono uliofundishwa kuchora nakshi kwenye silaha haupati tabu na shaba, ambayo ni laini zaidi. Johannes aliingia katika chama cha wachoraji cha Antwerpen mwaka 1572.

Fikiria mji wenyewe. Mwaka 1566 wafuasi wa mageuzi ya Kiprotestanti walivunja sanamu makanisani. Mwaka 1576 askari wa Hispania ambao hawakulipwa mishahara waliupora na kuuchoma. Mji ukashikwa na Wakalvini, yaani Waprotestanti wa mafundisho ya Kalvini, halafu mwaka 1585, baada ya kuzingirwa kwa zaidi ya mwaka mmoja, ukaangukia tena mikononi mwa Hispania, na maelfu ya watu wakahama. Ndani ya vurugu hiyo, kiasi cha mwaka 1585 na 1586, ndugu hawa wawili wakatoa mfululizo wa karibu karatasi 30 uitwao "Solitudo", yaani Upweke, juu ya mababa wakaapweke, wakifuata michoro ya de Vos. Kwa kawaida karatasi ina mzee mmoja na nyika yake, na chini beti chache za Kilatini. Unaona mantiki? Kanisa Katoliki, baada ya Mtaguso wa Trento, mkutano mkuu wa maaskofu, kutetea picha takatifu mwaka 1563, lilihitaji picha. Na watu waliochoshwa na vita walinunua ukimya kwa karatasi.

Ndugu Sadeler wenyewe hawakuwa na ukimya wowote. Walihama Antwerpen, wakaenda Ujerumani, Frankfurt, Mainz, kisha München kwenye ikulu ya Mtawala Wilhelm wa Tano wa Bavaria, mpaka wakaishia Venezia. Kila walipotua walitoa wakaapweke wengine: "Sylvae sacrae", Misitu Mitakatifu, mwaka 1594, waliyomtolea Wilhelm huyo, "Trophaeum vitae solitariae" mwaka 1598, "Oraculum anachoreticum" mwaka 1600, ambao ndio mwaka aliokufa Johannes. Wakaapweke wanawake walipata mfululizo wao pia, ukachongwa na Adriaen Collaert, naye akifuata de Vos. Na huyo Wilhelm unajua alifanya nini? Mwaka 1597 aliacha utawala akamwachia mwanawe, akajenga makazi ya faragha na vikanisa vya wakaapweke kule Schleissheim, nje ya München. Sisemi kwamba karatasi ndizo zilizomtoa kitini. Alikuwa na madeni makubwa pia.

Michoro hii ilisafiri kuliko waliochorwa. Kule Peru na Mexico wachoraji wa makanisa walitazama chapa za Antwerpen wakapaka rangi turubai zao kwa kuzifuata. Katika ikulu ya Akbar, mfalme wa milki ya Kimughali huko India, ambako Wajesuiti walifika mwaka 1580, wachoraji wake walinakili chapa za Ulaya kwa ufundi mkubwa wakiziongezea rangi na dhahabu. Ukikuta picha ya Kihindi ya wakati huo ina mlima na miti isiyo ya kwao, mara nyingi nyuma yake ilikuwepo karatasi kama yako.

Sasa swali lako la msingi, ya kweli au nakala. Ili uelewe vipimo nitakavyokupa lazima ujue ilivyotengenezwa.

Fikiria muhuri wa ofisi ya kijiji. Wino unakaa kwenye sehemu iliyoinuka, na kilichochongwa kinabaki cheupe. Chapa ya mbao hufanya kazi hivyo. Chapa ya shaba ni kinyume chake. Fikiria meza ya mkahawa ambayo watu wameikwaruza majina kwa kisu. Mwaga masizi, futa kwa kitambaa: juu ya meza ni safi, lakini weusi umebaki ndani ya mikwaruzo. Mchongaji ana bamba la shaba lililosuguliwa likang'aa, limelazwa juu ya mto wa ngozi, na kiganjani ana chuma kidogo cha pua chenye ncha kali na kipini cha duara. Anakisukuma mbele kinyanyue uzi mwembamba wa shaba. Akitaka kupinda mstari, mkono unatulia, mkono mwingine unazungusha bamba. Mstari unaanza mwembamba, unanenepa, unaisha kwa ncha kama mkia wa panya. Kisha bamba linapakwa wino mzito, linafutwa, karatasi iliyoloweshwa kidogo inalazwa juu, na vyote vinapitishwa kati ya magogo mawili ya mashine kwa nguvu nyingi. Karatasi inalazimishwa kuingia ndani ya mikwaruzo na kuuvuta wino utoke.

Mambo matatu yanafuata kutokana na hilo, na yote unaweza kuyaangalia leo jioni mezani kwako.

Pitisha kidole safi taratibu juu ya mahali peusi, au bora zaidi tazama karatasi kwa ubavu chini ya taa. Wino wa chapa ya shaba umeinuka kidogo juu ya karatasi. Chukua kioo cha kukuzia, kile cha sonara ndicho kizuri, uangalie kivuli cha ndevu. Ukiona mistari safi yenye mikia ya panya, vizuri. Ukiona nukta ndogondogo zilizopangwa kwa safu, hiyo ilitoka kwenye mashine ya kuchapa picha, si mapema kuliko mwisho wa karne ya 19. Na tafuta ukingo uliobonyea kuizunguka picha, alama iliyoachwa na bamba. Kwa kuwa yako imekatwa huenda alama hiyo haipo, na kukosekana kwake si ushahidi kwamba ni bandia. Wala kuwepo kwake si ushahidi kwamba ni ya kweli, maana Paris katika karne ya 19 palikuwa na mafundi waliopiga picha chapa za zamani, wakazihamisha kwenye bamba la shaba na kuzichapa upya, na ukingo ukatokea vilevile.

Baadaye inua karatasi mbele ya dirisha, au simu iliyowashwa tochi, iwe nyuma yake. Karatasi ya karne ya 16 ilitengenezwa kwa vitambaa chakavu vya kitani kwenye chekecheo la waya. Utaona mistari myembamba iliyokaribiana, na mingine inayoikata kwa upana wa kama vidole viwili. Ukiwa na bahati utaona alama ya maji, pengine mtungi, pengine ngao, ambayo mtengeneza karatasi aliifuma kwa waya. Karatasi laini isiyo na mistari kabisa haikuwepo kabla ya katikati ya karne ya 18. Ikiwa karatasi imetengenezwa kwa mbao, na imegeuka njano kama gazeti la zamani, basi ni ya juzi.

Kipimo cha mwisho ni kuilinganisha. Chapa hizi zilipendwa, kwa hiyo zilinakiliwa tangu zamani, na nakala ya mwaka 1600 ina mistari safi na karatasi nzuri kama ile ya asili. Aliyenakili mara nyingi aliweka karatasi mbele yake akachonga anavyoiona, na ilipochapwa ikatoka imegeuka, kulia ikawa kushoto. Jumba la Rijksmuseum la Amsterdam na British Museum wameweka mtandaoni picha nyingi za Sadeler. Tafuta Paulo wao, umweke karibu na wako, utazame kunguru anatokea upande gani. Hapo Brussels kwenyewe, Maktaba ya Kifalme, KBR, ina chumba cha chapa chenye hazina kubwa ya kazi hizi. Waandikie kabla ya kwenda, ueleze una karatasi gani, uombe kuiona ya kwao.

Ukijaliwa Jumamosi moja panda treni uende Antwerpen kwenye jumba la Plantin-Moretus. Ni nyumba na karakana ya mchapishaji ambaye Johannes Sadeler mwenyewe alimfanyia kazi, na mashine bado zimesimama. Ukisikia ubao wa sakafu unavyolia hapo ndani utaelewa kwamba wakaapweke wako walizaliwa katikati ya kelele, harufu ya mafuta ya wino na watu wanaodaiana.

Kuhusu thamani sitakupa tumaini la uongo. Sadeler walichapa sana, na karatasi zao mojamoja bado zinauzwa Ulaya kwa makumi au mamia machache tu ya euro. Iliyokatwa kingo inashuka zaidi. Euro 45 kwa chapa ya asili si wizi wala si bahati ya kupiga kelele. Wanaotafuta fedha nyingi hutafuta Yeronimo katika chumba chake, aliyechongwa na Mjerumani Albrecht Dürer mwaka 1514: chumba chenye joto, jua linapita kwenye vioo vya duara, boga limening'inia darini, simba amelala kando ya mbwa. Ni mkaapweke pia, ila huyu amefunga mlango tu. Simba wake, kwa maoni yangu, anafanana na paka aliyeshiba. Dürer alikuja kuchora simba hai huko Ghent mwaka 1521, akachelewa miaka saba. Na simba huyo inaelekea hakuwa wa Yeronimo tangu mwanzo. Kisa cha kumtoa simba mwiba ni cha Gerasimo, mmonaki wa karibu na mto Yordani, majina yao kwa Kilatini yakakaribiana watu wakachanganya. Unaona si muuzaji wako peke yake.

Na kama moyo wako bado uko kwa Antoni Abati, tafuta chapa ya Martin Schongauer ya miaka ya 1470. Mashetani wamemnyanyua mzee hewani, wanamvuta nywele, wanampiga marungu, wana magamba, midomo ya ndege na mabawa ya popo, naye amekaza uso kama mtu anayesubiri mvua ipite. Inasimuliwa kwamba Michelangelo akiwa kijana aliinakili kwa rangi, na ili apate rangi ya magamba akaenda soko la samaki kuwatazama. Mchoro unaoaminika kuwa ndio huo uko leo katika jumba la Kimbell, mjini Fort Worth, Marekani. Huyu usimpelekee mama. Atakuuliza umepotelea dini gani.

Nirudi kwenye madoa. Yale ya kahawia ya mviringo mara nyingi ni kuvu waliokula gundi ya karatasi wakati wa unyevunyevu, au vipande vidogo vya chuma vilivyobaki humo tangu ilipotengenezwa. Yako kwenye nyuzi zenyewe, hayafutiki kwa kusugua. Fundi wa kuhifadhi karatasi anaweza kuyapunguza, lakini kwa chapa ya bei hii malipo yake yatazidi bei uliyonunulia. Kinachodhuru zaidi pengine kipo nyuma ya fremu. Ifungue. Ukikuta kadibodi ya kahawia imegusana na karatasi, iondoe. Ukikuta imebandikwa kwa selotepu, usiibandue. Hapo ndipo umpelekee fundi. Nunua ubao usio na asidi kwenye duka la vifaa vya sanaa, weka na dirisha la ubao huohuo mbele ili kioo kisigusane na chapa.

Na Tanga. Mwanangu, najua nia ni njema, lakini sebule ya pwani yenye upepo wa chumvi, jua la mchana na mvua za masika ni adui wa karatasi kuliko mkasi wa yule aliyeikata. Kuvu waliolala watazinduka ndani ya mwezi mmoja tu. Ningekuwa wewe ningeipiga picha kwa mwanga mzuri, nikachapishe nakala kubwa kwenye karatasi nzito, niitie fremu nzuri nimpelekee mama hiyo. Ya asili ibaki Brussels, ndani ya bahasha ya karatasi isiyo na asidi, ikiwa imelazwa, si kusimamishwa, mbali na ukuta wa nje na bomba la joto.

Nyuma ya nakala umwandikie kwamba huyu ni Mzee Paulo, rafiki wa Antoni mwingine, na kwamba kwa kalenda ya zamani siku yake ni 15 Januari, mbili tu kabla ya mwenzake. Msimulie na ule ubishi wa mkate. Halafu ukishaifungua fremu nitumie picha ya upande wa nyuma, karatasi ikiwa mbele ya dirisha, pamoja na urefu na upana wa sehemu iliyochapwa. Bamba za mfululizo wa "Solitudo" zina kiasi cha sentimita 17 kwa 20. Ikikaribia hapo hata baada ya kukatwa, nitakuandikia tena.